Mnyapara wa Wazungu wa Treni

Mwana mkubwa wa marehemu mtani wangu anataka niombe radhi. Siku ya kuanua tanga nisimame mbele ya watu, niseme nilimsingizia marehemu, la sivyo nisikanyage tena uwanja wao. Kaja kuniambia mwenyewe, na shati lake la Dar, kasimama mlangoni kama bwana afya aliyekuja kukagua choo. "Bibi, tunakuheshimu, lakini ulivuka mpaka." Mpaka gani, mwanangu? Mie Mzaramo. Nimeletwa Tabora na mume wa reli nikiwa mwali, nimezeekea hapa. Ni mtani wa Wanyamwezi wote, kuanzia wanaotambaa hadi wanaosubiri sanda.

Utani wenyewe, kwa asiyeujua, uko hivi. Babu zao walikuwa wanabeba mizigo ya watu kuipeleka pwani. Wakifika kwetu wanalala kwetu, wengine wanafia kwetu, tunawazika huku tunawacheka. Tangu hapo Mzaramo na Mnyamwezi hawanuniani. Nikikukuta unakula nakupokonya. Ukifa navaa nguo zako, natembea ulivyotembea, nasema ulivyosema, mpaka wafiwa wanipe kitu nikae chini. Anayenuna ndiye mwenye kosa. Sasa huyu kanuna, halafu mie ndiye niombe radhi.

Basi mie nitamsema baba yake kama nilivyomjua, na anayetaka kunifukuza anifukuze.

Jina lake silitaji, hata mwenyewe hakulipenda. Alipenda Mnyapara, na alijipa mwenyewe. Ati zamani kiongozi wa msafara wa wapagazi aliitwa hivyo. Nikamwambia, mtani, manyapara ninaowajua mie ni wa jela, wanagawa maharage. Akatazama juu kama mtu anayesoma mawingu, akasema kwa pua, "Wewe hujui historia." Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila ugonjwa. Ng'ombe wake wamekula mihogo yangu: hujui historia. Umekaa kwenye kiti changu: hujui historia. Siku moja mchungaji wao wa Moraviani alimwambia apunguze sauti kwenye kwaya, watu hawasikii wimbo, wanamsikia yeye tu. Mchungaji naye akaambiwa hajui historia.

Alitembea tumbo likitangulia, mkono mmoja kauweka mgongoni, mwingine umeshika usinga, ule mkia wa ng'ombe wa kupungia nzi. Nzi wenyewe hawakumwogopa. Alikuwa na koti la kaki, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni, na huo ni mwezi wa kumi, Tabora, jua linakaanga mpaka mjusi anahama ukuta. Jasho linamtiririka kwenye masikio. Ukimwambia vua koti, mtani, utaiva, anakuuliza kama umewahi kumwona kiongozi wa msafara kifua wazi. Sijawahi. Wala yeye hajawahi.

Kazi yake ilikuwa wazungu wa treni. Siyo treni yetu hii ya kubanana na makuku. Ile nyingine, inayotoka huko kusini kwa Makaburu, kila mtu ana chumba chake na kitanda na bafu. Mie nimekulia pwani, meli ya watalii naijua: asubuhi inatia nanga, inatapika wazungu, jioni inawameza inaondoka. Hii ni meli ileile, wameitia magurudumu. Inasimama stesheni asubuhi, alasiri haipo. Hapo katikati wazungu wanataka waonyeshwe Afrika, na Afrika ya kutosha mchana mmoja alikuwa nayo Mnyapara.

Na hao wazungu nao. Wanashuka wamejipaka mafuta meupe usoni kama mwali anayetolewa nje, kofia zina kamba chini ya kidevu, suruali zina mifuko hadi magotini. Wanapiga picha mbuzi. Mbuzi wa jirani yangu ana picha nyingi kuliko mie. Mnyapara kawafundisha kusema "mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi, na wao wanaisema saa nane mchana, mmoja mmoja, mpaka umeitikia na taya zinauma. Hakuna aliyewahi kununua asali yangu. Wanainusa, wanaitazama kwenye jua, wanarudisha chupa taratibu kama nimewapa mtoto wa watu.

Ninapouzia, kando ya njia ya Kwihara, ndipo basi lao lilipowashusha. Lingeweza kuwafikisha hadi kwenye tembe la zamani wanalokwenda kulitazama. Mnyapara hataki. Anataka waende kwa miguu, na wabebe. Ndiyo, wabebe. Alikuwa na mizigo yake, magunia ya tumbaku aliyopewa na mdogo wake wa Usoke, kayajaza pumba za mpunga, kayashona. Ukiyatazama unasema yatavunja mtu shingo. Ukiyapuliza yanaanguka. Kila mzungu anapewa ngata kichwani, anawekewa gunia, halafu Mnyapara anakwenda mbele na usinga wake anaimba, na wao nyuma, karavani ya wazee wa Ulaya na pumba zao kichwani, wanahema, wanacheka. "Slou, slou, laiki karavani." Hicho Kizungu sikijui, lakini wimbo wake naujua, naweza kukuimbia mpaka kesho.

"Sisi tuliibeba nchi hii kichwani," alikuwa anawaambia. Na binti wa treni, yule mwenye kibendera, anawatafsiria. Sisi nani? Yule bwana hajawahi kubeba hata kibuyu. Mkewe anatoka kisimani, ndoo kichwani, kuni mgongoni, mjukuu kiunoni, na yeye kakaa kibarazani na redio anamfungulia mlango kwa ncha ya usinga. Nikamwambia, mtani, karavani yako imefika, ipokee mzigo. Mkewe akacheka mpaka maji yakamwagika. Yeye akaongeza sauti ya redio.

Nitasema na hili, maana hata mtani anapima kwa mizani. Miaka ile ya ugonjwa wa korona treni haikuja kabisa, na yeye siku zake za treni alivaa koti, akafunga vifungo, akaenda stesheni akasimama. Saa ya kurudi ikifika anarudi. Nilidhani kachanganyikiwa. Na mume wangu alipokufa, Mnyapara ndiye aliyekuja kufanya utani, maana na sisi wanatufanyia. Akavaa kofia ya reli ya marehemu, akakohoa kikohozi chake, akapiga ule mluzi wake mbaya aliokuwa anapiga akinyoa ndevu. Nilikuwa nimelala chini nimejifunika, nikacheka ndani ya shuka, mjane mzima. Hilo nampa. Mengine simpi.

Bodaboda aliwachukia. Aliwaambia wazungu wasipande pikipiki, pikipiki inaharibu historia, na vijana wa kijiweni pale kwangu walikuwa wanasikia wanatafsiriwa. Miaka hiyo yote hawakupata abiria hata mmoja wa treni. Wanakaa juu ya pikipiki zao wanaitazama karavani ya pumba inapita, wanatema mate pembeni.

Sasa siku yenyewe, ile iliyoleta maneno. Kwenye wale wazungu alikuwapo bibi mmoja mrefu, mkavu, mifupa mitupu, umri wangu au kupita. Kafika mbele ya chupa zangu, uzi wa gunia lake ukakatika. Pumba zote zikammwagikia, kichwani, kwenye miwani, ndani ya shati. Mie nikaingia njiani nikaikata karavani, maana hiyo ni haki yangu, nikajitwisha kikapu kitupu, nikatoa tumbo mbele, nikaimba kwa pua, "Sisi tuliibeba nchi hii kichwani, pumba kwa pumba." Vijana wa bodaboda wakaanguka kwa kicheko. Binti wa kibendera kwanza alikataa kutafsiri, halafu akatafsiri. Yule bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta miwani, akasema neno.

"Anasema anataka mzigo wa kweli," binti akamwambia Mnyapara. "Anasema hakuja mbali kote huku kubeba takataka."

Mnyapara akacheka. Hakuwa na njia, angenuna mbele yangu nimtoze kuku. Meno yote nje, macho yamekufa. Akavuka hadi dukani, akarudi na mtu kambebea gunia dogo la chumvi, lile la kahawia, zito. Maana hata hilo hakulibeba mwenyewe.

Nikamwambia, "Mtani, huyo ni mtu mzima, na jua hili."

"Hujui historia. Chumvi ndiyo ilikuwa mzigo."

Wakamtwisha. Na nikwambie, alitembea. Shingo imenyooka kama aliyezaliwa Urambo. Kapita duka, kapita shamba la mihogo, mie namfuata kwa macho. Halafu akasimama. Akashusha gunia mwenyewe taratibu, akakalia, kisha akateleza kutoka pale juu akalala vumbini. Nilipofika uso wake ulikuwa mwekundu, nikiwa namtazama ukawa mweupe.

Nilimvutia kwenye kivuli cha ukuta, nikamfungua vifungo, nikammwagia maji yote ya ndoo yangu. Mnyapara anampepea na usinga. Nikamwambia, lete basi. Akatazama mawingu. Basi halipo. Basi la wazungu, lililokodishwa kwa wazungu, yeye kalituma porini likamchukulie mahindi yake, na dereva simu haipatikani. Binti wa kibendera akaanza kulia. Daktari wao yuko kwenye treni, na treni haisubiri, njia ni moja na nyingine inakuja.

Nikawaita vijana wa bodaboda. Mkubwa wao akaja polepole, mikono mfukoni, akasimama mbele ya Mnyapara. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wahi, washa pikipiki."

"Pikipiki tena, mzee? Si inaharibu historia?"

"Nimesema washa."

"Nyie si ndiyo mnabebaga, mzee? Mbebe."

Na wakakaa. Niliwatukana matusi ya kwetu yote, wakaniambia, bibi, wewe hatuna ugomvi na wewe. Wangemwacha afe pale kwa ajili ya koti la kaki, na mie nikaona Mnyapara anageuka kijivu.

Aliyetuokoa ni muuza mkaa. Alikuwa anatoka maporini na baiskeli yake, magunia matatu nyuma, anaisukuma. Mweusi kwa mkaa hadi kwenye kope. Akamtazama bibi wa watu, akauliza, "Anakaa stesheni huyu?" Nikamwambia ndiyo. Akashusha mkaa wake kando ya njia bila kuambiwa mara mbili. "Huyu mwepesi," akasema. "Mkaa mzito kuliko yeye." Tukampandisha kwenye keria, nikamfunga na kanga yangu kiunoni, mie nimeshika upande huu, binti upande ule, muuza mkaa anasukuma. Mnyapara mbele na usinga: "Njia. Njia." Safari nzima anasafisha njia isiyo na mtu. Wazungu wengine nyuma yetu, mikono mitupu, pumba wameziacha mtaroni.

Bibi akafumbua macho njiani. Akanywa maji. Akaniambia kitu, sikukielewa, nikamwambia na wewe pia.

Tukafika nyuma ya ghala la stesheni, karibu na geti. Mnyapara akainua mkono. "Shusha." Muuza mkaa akauliza, mzee, si bado? "Shusha hapa." Akavua koti, mara ya kwanza nimeona shati lake. Akainama. "Mpandisheni."

Tukampandisha mgongoni kwake. Na hivyo ndivyo alivyotokea kwenye geti la stesheni: Mnyapara, mgongo umepinda, mzungu mgongoni, magoti yanatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi. Kutoka getini hadi ngazi ya behewa. Wazungu waliobaki kwenye treni wakatoka madirishani, wakapiga makofi, wakapiga picha. Daktari akampokea bibi. Treni ikalia. Kanga yangu ikaenda Dar bila mie.

Wazungu walimletea picha baadaye, ndani ya fremu. Ikawekwa sebuleni juu ya redio. Kila aliyeingia aliambiwa: hii ni kutoka Kwihara hadi stesheni, mgongoni. Mwaka huu anasema Kwihara, mwaka unaofuata mbali zaidi. Watoto wake wamekulia chini ya picha hiyo, na wajukuu. Ukiitazama vizuri, suruali ya bibi ni nyeupe mbele, nyuma makalioni nyeusi tii kwa mkaa. Mwanawe anasema ni kivuli.

Miaka yote hiyo sikusema. Mtani hasemi ovyo, anaweka. Naye alijua naweka. Tukikutana njiani, nikigusa tu kengele ya baiskeli ya mtu, anakohoa anabadili njia.

Kafa mvua za juzi. Msibani mchungaji kasimama, kaeleza alivyombeba mgeni mahututi kutoka Kwihara hadi stesheni, kwenye jua, mgongoni, na watu wakasema amina. Ndipo wakanigeukia mie, wazee wote wa Kinyamwezi, wamekunja miguu wanasubiri. Nikaingia ndani nikavaa koti la kaki. Nikatoka tumbo mbele. Nikafanya redio, nikafanya kwaya, mchungaji mwenyewe kacheka. Halafu nikaomba baiskeli. Nikafanya "Njia. Njia." Nikafanya "Shusha." Nikafanya magoti. Watu wanalia kwa kicheko, mjane kajifunika kanga mabega yanaruka. Nikafika pale Mnyapara anapomgeukia muuza mkaa, mtu aliyeacha mkaa wake barabarani, anampungia usinga: toka, nenda, wasikuone. Bila asante. Kama anafukuza nzi. Hapo nikafanya polepole sana.

Mwanawe kasimama. "Inatosha, bibi. Hilo umetunga." Na akaninyang'anya koti, mbele ya jeneza.

Sasa nasikia wanaulizana. Nilikuwa upande wa bibi wa kizungu, nimemshika asianguke, nilionaje usinga? Kweli. Sikuona. Nilikuwa nimegeuka.

Nilikwenda kumwona Mnyapara mwishoni kabisa, kiharusi kimeshachukua mguu na mkono. Mkewe kaenda kisimani, kaniachia uji nimlishe. Yuko kitandani, mdogo, kama mtu aliyefuliwa akachuja rangi. Nikamlisha vijiko viwili, akafunga mdomo.

"Mtani," akasema. Mdomo umekwenda upande, lakini pua ileile. "Ile ya baiskeli."

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto."

"Unataka niiache?"

Akatazama mlango. Nje mkewe hajarudi. "Nionyeshe kwanza utakavyofanya."

Nikatundua koti ukutani nikalivaa. Nikamfanya, pale chumbani, kati ya kitanda na kabati. Nikafika "Shusha hapa", akanikatiza.

"Nilisema mara mbili. Ya pili niliinong'ona."

Nikainong'ona.

"Magoti umezidisha la kulia. Lilikuwa la kushoto."

Nikatetemesha la kushoto. Akanitazama kama fundi anayetazama ukuta aliojenga mwingine. "Na yule mwenye mkaa," akasema.

"Yule hakusema kitu."

"Alitaka kuja. Alitaka aone bibi amepanda salama. Nikampungia usinga." Akainua mkono ule mzima, akafanya vile, mara moja, kidogo tu, vidole vinafukuza. "Hivi. Wewe ulikuwa umegeuka."

"Unaniambia mie hayo ya nini? Unajua nitafanya."

"Lifanye polepole. Unakimbizaga sana, watu hawaoni." Kisha akasema, "Wanangu watakasirika."

"Watanuna na mie."

"Wanune. Wamelelewa na picha." Akapumua. "Ila usije ukaniremba, Mzaramo. Wala usinionee huruma. Watu wakikuona wewe unanionea huruma, watajua kweli nimekufa."

Nikamwambia afungue mdomo, uji unapoa.